Kijiti Chenye Ncha Moja Nyeusi

Miaka ile ya tisini, redio ikikufia Mpanda mjini watu walikuelekeza Nsemulwa, kwa Hilaria, mama Bena. Wageni walifika kibandani wakamkuta mwanamke amekaa kwenye kigoda, bisibisi mkononi, nao wakamuuliza fundi yuko wapi. "Ametoka kidogo," Hilaria aliwajibu kwa uso mkavu, "lakini niachie, nitampa." Jioni mtu anakuja, anaikuta redio yake inaongea, anabaki kuangaza macho huku na huku amtafute huyo fundi amshukuru. Huo ndio ulikuwa mchezo wake, na hakuwahi kuuchoka.

Ufundi alifundishwa na mumewe, Apolinari, mtu wa Ugalla aliyezaliwa kwenye ukoo wa warina asali. Kule porini mrina asali huchoma alama yake kwenye mzinga kwa chuma cha moto, ili mwingine asije akaushusha akasema ni wake. Apolinari aliwaacha nyuki, lakini ile tabia ya kuchoma hakuiacha. Kila kijiti cha kipimo alichokata, kiwe cha waya, cha antena au cha kioo cha redio, alikigusisha pasi yake ya kuchomelea risasi ncha zote mbili mpaka ziwe nyeusi. "Hapa ndipo nilipoishia mimi," alikuwa akisema. "Mtu akipunguza, nitajua." Hilaria alimcheka, akamuuliza ni nani huyo mwenye njaa ya kuiba kipande cha kijiti. Apolinari alipofariki kwa ugonjwa wa ini, mwaka tisini na nne, Hilaria akajikuta naye anachoma ncha, bila hata kujua ameanza lini.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walimwita wakamwambia atarithiwa na Gelasius, mdogo wa marehemu. Hilaria hakunong'ona wala hakutuma mtu. Alisimama uani, mbele ya wakwe na majirani, akasema yeye harithiwi; atakaa na mtoto wake na pasi ya mumewe. Wakwe waliinamisha vichwa. Kila mtu akamgeukia Gelasius kuona atafanya nini, maana kukataliwa hadharani si jambo dogo kwa mwanamume. Gelasius akatabasamu. "Shemeji ameshasema," alisema. "Muacheni. Na zana za kaka abaki nazo."

Siku ile Hilaria alilia kuliko alivyolia makaburini. Tangu hapo, mtu akimsema vibaya Gelasius mbele yake, alikuwa anatafuta ugomvi. Upande wote ule wa wakwe, yeye alihesabu kwamba amebakiwa na ndugu mmoja tu.

Gelasius alikuwa na banda la video karibu na stesheni, na kila baada ya muda alipanda treni kwenda Dar es Salaam kuchukua kanda na bidhaa. Kwa hiyo mji mzima ulimtuma. Na walichomwagiza zaidi ni viatu. Mtoto husimamishwa chini, kijiti kikalazwa kando ya unyayo kuanzia kisigino mpaka kidole kirefu, kikavunjwa pale, na kijiti hicho ndicho kinachosafiri kwenda Kariakoo kwa niaba ya mguu. Mkoba wa Gelasius ulijaa vijiti vya watu, kila kimoja kimefungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe. Hakuwahi kurudi na kiatu kinachobana. Watu walisema Gelasius ukimpa kijiti umempa mguu wenyewe.

Sasa ikaja ile kompyuta.

Mwalimu Matilda, aliyestaafu kufundisha na sasa anaongoza kituo kimoja cha akina mama pale mjini, alikuwa na mpango wake. Alitaka masomo ya mbegu za mpunga, chanjo za watoto na maji safi yarekodiwe kwa Kipimbwe, Kikonongo na Kisukuma, yatolewe kwenye kanda, yapelekwe vijijini wasikokwenda mabwana shamba. Wafadhili wakamletea kompyuta ya mezani iliyokwishatumika kwao. Iliandika, ilipiga hesabu, ilichora, lakini ilikuwa bubu. Ukiiwasha inalia "pii" mara moja, basi. Mtu mmoja aliyepita kutoka Tabora akawaambia kwamba mashine kama hiyo huongezewa kadi ya sauti, inachomekwa ndani kwenye sloti, yaani ule ufa wa kuchomekea, na hapo ndipo inapata masikio na mdomo.

"Hilaria," Mwalimu Matilda alisema, "mimi sijui kadi wala sloti. Najua kitu kimoja. Atakayeifanya hii iongee, chumba hiki ni chake. Atakaa humu, atarekodi, atafunga mlango na ufunguo atatembea nao."

Hilaria alikitazama kile chumba. Kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo, meza, na bati lisilovuja. Yeye mvua za mwaka ule, zile zilizokata reli na kuunyima mji chumvi, zilikuwa zimemkuta kibandani anafunika redio za watu kwa khanga yake ya mwilini. Alikitaka chumba kile mpaka akaona aibu. Njiani kurudi nyumbani alijikuta anasema peke yake, "Mlango wangu. Mlango wangu mimi."

Walipoifungua mashine, Gelasius alikuwepo. Alikuwa amepitia kuchukua vijiti vya viatu, treni yake ilikuwa kesho yake, na kadi ya sauti aliagizwa yeye kama alivyoagizwa vyote. Ndani ya kompyuta, chini kwenye bamba la kijani, Hilaria aliona sloti za aina mbili. Kulikuwa na moja fupi, nyeupe, ambayo tayari ilikuwa imekaliwa na kadi ya kioo, ile inayotoa picha. Nyingine zilikuwa ndefu, nyeusi, zimekaa tupu. Kitabu cha mashine hakikuja nayo, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Hilaria akafanya anavyojua. Aliitoa ile kadi ya kioo aone meno yake yamekaaje, akakata kijiti cha tete kupima sloti fupi, kwa kutaka kujua tu. Kisha akakata kingine cha sloti ndefu, kile cha kusafiri. Kile kifupi akakitupa dirishani.

"Kwa hiyo hiki kirefu ndicho chenyewe, shemeji?" Gelasius aliuliza.

"Ndicho. Nyeusi ndefu. Mwambie mwenye duka meno ya kadi yaenee kijiti chote, yasipungue."

Kibandani, pasi ikiwa imeshika moto kwenye jiko la mkaa, alikichoma kile kijiti ncha zote mbili. Bena, bintiye wa darasa la pili, akadai na kijiti chake cha viatu nacho kichomwe. Kikachomwa. Gelasius alicheka, akavifunga vyote viwili na kitambaa kimoja, akavitia mkobani.

Alipokuwa safarini, Hilaria alianza kupanga chumba kichwani. Redio mbovu zitakaa upande huu, kanda zilizorekodiwa upande ule. Bena atafanyia masomo yake dirishani. Alimwomba hata mama mmoja wa Magamba, mwenye sauti nzuri, awe tayari kuja kusoma somo la kwanza.

Gelasius alirudi Jumamosi, na Mwalimu Matilda hakuweza kungoja. Aliwaita wanakituo wote, akamwita mama wa Magamba, jenereta ikawashwa. Kabla ya yote Gelasius alitoa viatu vya Bena, vyeusi, vyenye soli ngumu na bizimu inayong'aa. Mtoto akavivaa palepale. Vilimkaa kana kwamba fundi alikuja kuupima mguu wake kitandani akiwa amelala. Akaanza kutembea kwenye saruji, ko, ko, ko, asikie vinavyolia.

Kisha ikatoka kadi. Hilaria aliipokea kwa mikono miwili, akaiinamisha juu ya sloti ndefu nyeusi, na kabla hata hajaigusisha akaona kasoro. Meno yalikuwa mafupi, membamba, yamebanana. Akajaribu, akageuza, akajaribu nyingine. Kadi ilikuwa inataka sloti nyeupe, na nyeupe ilikuwa moja tu, nayo ina mwenyewe.

"Haiingii," alisema. "Hii siyo, shemeji. Hii ni ya sloti fupi."

Gelasius alikunja uso kwa masikitiko. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kijiti akikishika kwa ncha, akakilaza juu ya meno ya kadi mbele ya watu wote. Kilienea sawasawa.

"Mimi nilinunua kilichosemwa na kijiti," alisema taratibu. "Shemeji, siku ile ulikata viwili. Labda ulitupa kile chenyewe ukanipa kile kingine. Inatokea. Jamani msimlaumu, inatokea."

Viatu vya Bena vikaendelea kulia kwenye saruji. Hilaria alikumbuka mkono wake ukitupa kijiti dirishani. Alijaribu kuuona mkono ule umeshika kipi, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyozidi kuona kifupi, kirefu, kifupi tena. Mama wa Magamba alikusanya khanga yake akaaga. Mwalimu Matilda hakusema neno baya. Alisema, "Basi, mama Bena," kwa ile sauti ambayo mwalimu humwambia mtoto aliyeshindwa akae chini, na Hilaria akatamani ardhi immeze. Kijiti na kadi vikarudishwa kwenye boksi, naye akalibeba boksi kwenda nalo kibandani, akalisukumia chini ya meza asilione.

Wiki iliyofuata hakufungua redio ya mtu. Aliogopa mikono yake. Mteja akimuuliza fundi yuko wapi, alisema ametoka, na safari hii hakuwa anatania.

Ndipo Gelasius akaenda kituoni na kadi ya pili. Ilikuwa ndefu, ya sloti nyeusi. Alimweleza Mwalimu Matilda kwamba kule Kariakoo aliingiwa na wasiwasi, akajiambia huenda shemeji amekosea, akachukua na hii kwa mfuko wake mwenyewe, ila hakutaka kuitoa siku ile mbele za watu asije akamvunjia shemeji heshima. Akaichomeka mwenyewe kama alivyoonyeshwa dukani, akaingiza diski zake, na kabla ya adhuhuri kompyuta ilikuwa inaimba. Mwalimu Matilda aliahidi, na ahadi ni ahadi. Ufunguo ukaenda kwa Gelasius.

Hilaria alipopata habari, alifanya jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko mengine yote. Alichinja kuku. Alimwita Gelasius nyumbani, akampikia wali wa Mpimbwe, akamnawisha mikono, akamshukuru kwa kumfichia aibu. "Kaka yako angekuwepo angekushukuru yeye," alimwambia. Gelasius alikula firigisi, akafuta mdomo, akasema, "Sisi ni ndugu, shemeji. Na ukitaka kazi, njoo pale uwe unanisaidia. Kufagia, kupanga kanda, kazi ndogondogo."

Hilaria akasema asante kwa hilo pia.

Jua lilipoanza kurudi nyuma ya nyumba, Bena alikuwa uani anachora unyayo wa mwenzake kwenye vumbi. Alikuwa ameomba kijiti chake cha viatu kwa baba mdogo, akakifanya mchezo: anawasimamisha watoto wa jirani, anawapima, anawatangazia nani ana mguu mkubwa. "Kimoja cheusi huku, kimoja cheusi huku," aliimba, akionyesha ncha. "Hiki mama amekichoma, asiibe mtu."

Hilaria alikuwa anaosha sahani. Aliiacha inaelea.

Alikwenda kibandani akipita katikati ya watoto bila kuwaona, akalivuta boksi chini ya meza, akakishika kile kijiti cha kadi. Ncha moja ilikuwa nyeusi. Nyingine ilikuwa nyeupe, safi, imekatwa kwa wembe, mkato umekwenda upande kidogo. Akakiweka kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena. Yeye alichoma kijiti kimoja tu cha kadi siku ile na alikichoma kotekote. Angekuwa amekosea akakichoma kile kifupi, basi kingekuwa na weusi pande zote mbili. Hiki mwanzoni kilikuwa kirefu. Kilipunguzwa na mtu aliyekuwepo chumbani, aliyekiona kile kifupi na kujua kimeishia wapi. Kwa mtu huyo ule weusi ulikuwa mchezo tu, wala hakukumbuka kuirudishia ncha aliyoikata.

Alikaa kwenye kigoda cha mumewe, na kitu cha kwanza alichowaza ni yule kuku.

Asubuhi alikwenda kituoni. Gelasius alikuwa chumbani, miguu juu ya meza, anasikiliza muziki. Hilaria aliweka kijiti mbele yake.

"Kipande kingine kiko wapi?"

Gelasius alikitazama, akacheka. "Kipande gani tena, shemeji?"

"Hii ncha niliichoma mimi. Na hii niliichoma mimi. Hii ya pili umeikata wewe. Kaka yako alikuwa anachoma hivi, umekua unaona, ukasahau. Nakuuliza kipande kingine kiko wapi."

Gelasius alishusha miguu. Alinyoosha mkono akaizima sauti ya mashine, na tabasamu nalo likazimika.

"Ulinisimamisha uani kama mwizi," alisema. "Mbele ya baba yangu. Mbele ya majirani. Unajua watu waliniita nani mwaka mzima? Mume wa hewani. Nilicheka nao. Nilikubebea vijiti vyako, nilikuletea mtoto viatu. Na wewe ulifikiri yameisha?"

"Ulisema yameisha. Ulisema waniache."

"Nilisema wakuache. Sikusema mimi nimekuacha."

Miaka minne yote, kila Hilaria alipomwombea kwa Mungu, kila alipogombana na watu kwa ajili yake, Gelasius alikuwa anahesabu deni lake. "Umenisaliti," Hilaria alisema. "Wale wazee walinitakia mabaya nikiwaona. Wewe ulinitakia mabaya unakula kwangu."

"Njoo ufagie basi," Gelasius alisema, akaiwasha tena mashine.

Alikwenda kwa Mwalimu Matilda, akamwekea kijiti mkononi, akamweleza yote tangu mizinga ya Ugalla. Mwalimu Matilda alisikiliza mpaka mwisho. Akakigeuza kijiti mara moja, akakirudisha.

"Nakuamini," alisema. "Lakini nitawaambia nini wafadhili, mama Bena? Kwamba nimemtoa mtu aliyeifanya mashine iongee, kwa sababu ya rangi ya tete? Somo la mpunga limeshaanza kurekodiwa. Yapelekeni nyie wenyewe kwenye ukoo, myamalize huko."

Hapo ndipo Hilaria alipojua kwamba kuaminiwa peke yake hakufungui mlango. Alirudi Nsemulwa, akafungua kibanda, akashika kazi. Mikono ilikuwa mizima, ilikuwa mizima siku zote, na hilo nalo lilimtia uchungu, kwamba alidanganywa mpaka akaishuku. Kijiti alikichomeka kwenye makuti juu ya meza yake. Wateja waliendelea kuja na kuuliza fundi yuko wapi. "Ni mimi," aliwajibu, "kaa hapo uangalie." Mchezo wa zamani hakuucheza tena.

Viatu hakuvivua mguuni mwa Bena. Aliwaza kuvitupa chooni, akashindwa, mtoto aliviosha kwa mate na kuvilaza kando ya mto. Kila asubuhi Bena alipotoka kwenda shule Hilaria alisikia soli zile zikipita kwenye kizingiti, ko, ko, ko, na kila asubuhi alikumbuka kwamba mtu yule alijua kusoma kijiti vizuri kabisa alipotaka.

Mwaka ulipozunguka, Bena alirudi shuleni akichechemea. Vidole vilikuwa vimefika mwisho wa kiatu na kisigino kimechubuka. Alikuwa amepitia kituoni.

"Mama, baba mdogo anasafiri Jumatatu," alisema. "Amesema umkatie kijiti, ataniletea vyekundu. Amesema hana kinyongo."

Hilaria alimtazama mwanawe, aliyeshika tayari kipande cha tete alichokiokota njiani, amekinyoosha mbele kama mtu anayetoa zawadi.

"Vua viatu."

Bena akavua, akajiweka kwenye mchanga, mguu tayari kwa kupimwa. Hilaria alipita pembeni ya mguu ule, akaokota viatu, akakaa navyo kwenye kigoda. Alichukua kisu cha kuchubulia waya, akakata pua ya kiatu cha kwanza taratibu, bizimu haikuguswa, kisha cha pili. Akavirudisha mbele ya mtoto.

"Vaa."

Vidole vya Bena vikatokeza nje, vyote, vyenye vumbi. Mtoto alivitazama.

"Na vyekundu?"

"Utavivaa siku nitakayokwenda nawe dukani, ukanyage mwenyewe," Hilaria alisema. Akakichukua kile kipande cha tete mkononi mwa bintiye, akakitia chote kwenye jiko la mkaa.